Neno na Mwenyewe: Mwongozo Kamili wa Kukusanya, Kuhakikisha na Kuyatumia Maneno ya Hekima

Maneno ya hekima yametujaa. Yamo kwenye leso, ubavuni mwa mashua na kwenye kuta za maduka ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu. Tangu simu zituingie mikononi, yanatufikia hata kabla ya chai ya asubuhi: picha ya Mandela, ya Nyerere au ya Einstein, na chini yake sentensi tamu. Tunasoma, tunaitikia "kweli kabisa," tunawarushia wenzetu, na jioni hatukumbuki hata moja. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka zaidi ya hapo. Anataka awe na maneno machache anayojua yametoka kwa nani na katika hali gani, yamsaidie kuishi vizuri na kufanya kazi yake vizuri. Nimeuandikia zaidi watu wa Lamu, kwa kuwa sisi tuna mahali pa kuanzia: tumelelewa kuuliza sanadi, yaani msururu wa waliolipokea neno mpaka kwa aliyelisema.

Mtoto wa madrasa hapa hafundishwi hadithi ya Mtume bila kuambiwa imepokewa na nani. "Hakika ya matendo ni kwa nia" imepokewa kutoka kwa Umar bin Khattab, nayo ndiyo inayofungua Sahihi ya Bukhari. Ama "Tafuteni elimu hata China," pamoja na kupendwa kwake katika hotuba za shule, wanazuoni wengi wa hadithi wameihukumu kuwa dhaifu, na wako walioiita ya kuzushwa. Aliyesema hivyo hakuipinga elimu. Alikataa tu jambo jema livishwe jina lisilo lake. Uaminifu huo huo unastahili kwa Mandela, kwa Gandhi na kwa mama zetu watunzi.

Hatua ya kwanza: anza na shida yako

Wengi huanza kwa kutafuta maneno mazuri, wakaishia na mamia yasiyo na kazi. Anza upande wa pili. Chukua karatasi, andika swali moja linalokukera sasa hivi, kwa lugha ya kawaida. Nahodha anayewapeleka wageni Manda anaweza kuandika: "Nifanyeje nisikate tamaa miezi ya kusi, wageni wanapopungua?" Mwenye duka la Langoni: "Kwa nini wateja hawarudi?" Kijana aliyemaliza shule: "Nianze wapi na sina mtaji?" Swali likishaandikwa, utajua neno gani linakuhusu na lipi ni pambo tu. Maswali mawili au matatu yanatosha kwa mwaka mzima.

Hatua ya pili: tayarisha daftari

Nunua kaunta buku moja gumu. Simu nayo inafaa, lakini karatasi haikuletei ujumbe mwingine katikati ya kuandika. Kila neno lipe ukurasa wake, na kwenye ukurasa andika mambo haya: neno lenyewe kama ulivyolikuta, katika lugha uliyolikuta, aliyelisema, aliambiwa nani, wapi na mwaka gani, wewe ulilipata wapi, na swali lako linalojibiwa na neno hilo. Acha nusu ya ukurasa wazi. Nusu hiyo utaihitaji katika hatua ya sita.

Mfano wa ukurasa uliokamilika: "Elimu ndiyo silaha yenye nguvu kuliko zote mnayoweza kuitumia kuubadilisha ulimwengu. Nelson Mandela, katika hotuba aliyoitoa Johannesburg, Julai 2003, kwenye uzinduzi wa mradi wa elimu." Hapo una mtu, mahali, wakati na shughuli. Anayetaka kukuuliza zaidi ana pa kushika.

Hatua ya tatu: anzia nyumbani

Kabla hujavuka bahari kwenda kwa Wagiriki na Wachina, tafuta yaliyo karibu. Katika kisiwa cha Pate, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, alikuwa mgonjwa wa muda mrefu. Akamtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa wasia. Karibu na mwanzo anamwita hivi:

Ndoo mbee ujilisi
Na wino na karatasi
Moyoni nina hadithi
Nimependa kukwambia

Njoo mbele uketi, uje na wino na karatasi, moyoni nina mazungumzo nimependa kukwambia. Mama huyu alitaka yaandikwe. Jambo la kwanza analomuusia binti ni dini. La pili ni hili:

Pili uwa na adabu
Na ulimi wa thawabu
Uwe mtu mahabubu
Kula utakapongia

Uwe na adabu, na ulimi unaoleta thawabu, upate kupendwa kila utakapoingia. La tatu anamwambia awe mkweli, na mtu asiyeshika haki asifuatane naye njia. Sijui wasia mfupi kuliko huu wenye mambo mengi namna hii: adabu, ulimi, ukweli, na kuchagua wa kutembea naye. Yule mwenye duka wa Langoni hana haja ya kutafuta kitabu cha biashara kutoka Marekani. Jibu la swali lake limo katika mistari minne iliyotungwa safari fupi ya mashua kutoka hapo.

Unapouandika utendi huu daftarini, taja nakala uliyoisoma. Tungo zetu za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na kunakiliwa kwa mkono, kwa hiyo utakuta tahajia tofauti, na pengine hata neno tofauti, kutoka nakala hadi nakala. Usizichanganye.

Jambo jingine kuhusu Mwana Kupona, na hili linaniuma. Sehemu kubwa ya utendi inahusu mke na mumewe, na wako watu wanaozing'oa beti hizo peke yake wakazitumia kumfungia mwanamke mlango. Huko ni kumdhulumu mtunzi. Alikuwa mama anayejua huenda hatapona, akimkusanyia mwanawe kila alichojua kingemfaa katika mji wa wakati ule, kisha akawaita wanawake wengine nao wausome. Mwenye kuchukua neno lake na achukue pia hali yake.

Kama swali lako ni la mali na fahari, msome Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyeyatazama majumba ya Pate yaliyogeuka magofu akauhoji moyo wake mwenyewe. Namtaja kwa kupita, maana utungo wake, Al-Inkishafi, hautoki vizuri ukikatwa vipande. Usome wote, au msikilize anayejua kuukariri.

Wazee walio hai nao ni hazina, lakini kuna namna ya kuwaendea. Ukimwambia mzee "ami, nipe hekima," atakupa methali unayoijua tangu utotoni. Muulize kazi yake. Kwa fundi wa mashua wa Matondoni swali liwe: "Fundi aliyekufunza alikuwa akikwambia nini ubao ukikataa kukaa?" Kwa bibi aliyelea watoto wanane: "Bi, siku ya taabu ulikuwa ukijiambia nini?" Halafu ongeza swali la sanadi: "Na hilo ulilisikia kwa nani?" Kutana naye baada ya alasiri barazani, anapopumzika, wala usimkatize akiwa na haraka ya kwenda msikitini. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Andika maneno yake kwa Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu, usiyanyooshe yakawa ya shuleni. Na kama hapendi jina lake litajwe, andika "mzee wa Matondoni" na ukomee hapo.

Kwa vitabu, ingia maktaba iliyo ndani ya Ngome, pale Mkunguni. Kuhusu Habib Swaleh, mwanachuoni wa msikiti wa Riyadha aliyefariki mwaka 1935, mengi yamo vifuani mwa waliosoma kwa wanafunzi wa wanafunzi wake. Hayo yaandike pamoja na msururu wote wa wapokezi, kama wanavyofanya wao wenyewe.

Hatua ya nne: pima sanadi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanaporuka.

Chukua neno ulilotumiwa na ulitafute kwenye intaneti likiwa ndani ya alama za kunukuu, katika lugha ambayo msemaji alilitamka. Ukitafuta tafsiri ya Kiswahili ya maneno ya Gandhi utapata wale wale waliokutumia. Usivutwe na wingi wa kurasa, kwa kuwa kurasa elfu zilizonakiliana ni shahidi mmoja. Unachotaka ni ukurasa unaotaja mahali na tarehe. Ukiupata, nenda kwenye maandishi yenyewe, yaani hotuba nzima, barua au kitabu. Wikiquote, mkusanyiko wa nukuu mtandaoni, husaidia, kwa sababu kwa watu wengi mashuhuri hutenga maneno yenye ushahidi na yale yaliyobandikwa. Wakfu wa Nelson Mandela umehifadhi hotuba zake, na tovuti ya Tuzo ya Nobel ina mihadhara ya washindi.

Tuone inavyofanya kazi.

Kuna maneno yanayosema kwamba hofu yetu kubwa kuliko zote si ya kutokuwa na uwezo, ni ya kuwa na uwezo usio na kipimo. Yamesambaa sana kuwa ni ya Mandela, alipoapishwa kuwa rais mwaka 1994. Fungua hotuba ya tarehe 10 Mei 1994 uisome mpaka mwisho: hayamo. Aliyeyaandika ni Marianne Williamson wa Marekani, katika kitabu kilichotoka mwaka 1992. Kama yanakufaa yatumie, ila kwa jina lake yeye.

"Uwe wewe ndiwe badiliko unalotaka kuliona duniani" hupewa Gandhi. Katika maandishi yake haimo kwa namna hiyo. Alichoandika, mwaka 1913 katika gazeti lake la Afrika Kusini, ni kwamba lau tungeweza kujibadilisha wenyewe, mielekeo ya dunia nayo ingebadilika. Kadiri mtu anavyobadili tabia yake, ndivyo dunia inavyobadilika namna ya kumwelekea. Mimi naipenda zaidi hii ya kweli. Ile fupi inaamrisha tu. Hii inaeleza jinsi jambo linavyotokea: wewe ukibadilika, wanaokuzunguka nao hukupokea kwa namna nyingine, na hilo utaliona nyumbani kwako ndani ya wiki moja.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" kuna wanaoitaja kama kauli ya Mwalimu Nyerere. Kweli aliitumia mwaka 1962, katika maandishi yake juu ya ujamaa, lakini aliitaja kama methali ya Kiswahili, na ndivyo ilivyo. Kwa hiyo daftarini utaandika: methali ya Kiswahili, iliyotumiwa na Nyerere. Mtu aliyeitumia methali vizuri anastahili kutajwa, bila kunyang'anywa Waswahili mali yao.

Hadithi ya kindege anayebeba matone ya maji mdomoni kuuzima moto wa msitu, huku wanyama wakubwa wakimtazama, wengi wetu tuliisikia kwa Wangari Maathai. Alipenda kuisimulia. Kwa hiyo andika "alisimulia," usiandike "alitunga." Kama unataka maneno yake mwenyewe, soma mhadhara wake wa tarehe 10 Desemba 2004, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwishoni anakumbuka kijito kilichokuwa karibu na kwao, alikokuwa akitekea mama yake maji, na mayai ya chura aliyoyadhania ni shanga. Hakuna picha ya WhatsApp iliyowahi kunifikia ikiwa na sehemu hiyo, na hiyo ndiyo inayomweleza mtu kwa nini mwanamke huyu alianza kupanda miti mwaka 1977.

Wapo waliosema bila kuandika. Socrates hakuacha kitabu. Kauli yake kwamba maisha yasiyochunguzwa hayafai mtu kuyaishi tunaipata kwa mwanafunzi wake Plato, akieleza kesi ya mwaka 399 KK ambapo mwalimu wake alihukumiwa kufa. Basi andika majina yote mawili. Mtu aliyezoea sanadi hataona taabu.

Dalili za neno la kutilia shaka ni rahisi kuzizoea. Halina mwaka wala mahali. Lina wenyewe wawili au watatu. Linazungumza lugha ya semina za siku hizi ilhali msemaji alikufa miaka mia tatu iliyopita. Au linaitwa "methali ya Kiafrika" bila kutajwa la watu gani, kama lile la kwenda haraka peke yako na kwenda mbali na wenzako. Afrika ina lugha zaidi ya elfu moja, na methali huzaliwa katika lugha fulani, kwa watu fulani.

Ukitafuta ukakosa, usilitupe. Andika "hunasibishwa na fulani," au "msemaji hajulikani." Majina ya leso karibu yote hayana msemaji anayejulikana, na yamefanya kazi yake katika nyumba zetu miaka mingi.

Tafsiri iandike chini ya maneno ya asili, na utaje ni ya nani. Kama ni yako, sema ni yako.

Hatua ya tano: pima uzito

Neno sahihi laweza lisikufae. Jiulize aliyelisema alikuwa katika hali gani, na kama hali yako inakaribiana nayo. Benjamin Franklin aliandika kwamba wakati ni pesa mwaka 1748, akimshauri kijana anayeanza biashara. Kwa kijana wa duka linafaa. Ukimwambia mtu anayemuuguza mzazi wake umemkosea. Mandela alipotamka, tarehe 20 Aprili 1964, kwamba yuko tayari kuifia nia yake, alikuwa mbele ya mahakama ya Pretoria na hukumu ya kifo ilikuwa jambo la kutazamiwa. Nikisikia maneno hayo yakitumiwa kuichangamsha timu kabla ya mechi huona yamepunguzwa. Ligi ina maneno yake.

Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 linasema ili tuendelee twahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Lilisemewa nchi nzima. Mtu mmoja akitaka kulitumia itambidi ajiulize: mimi watu wangu ni nani, ardhi yangu iko wapi, na naongozwa na nani? Likikupa maswali ya namna hiyo, liweke. Likikaa kimya, mpe mwenye kulihitaji.

Hatua ya sita: lipe neno kazi

Chagua neno moja kwa mwezi, na hapana zaidi. Kwenye ile nusu ya ukurasa uliyoiacha wazi, andika tendo moja linalotokana nalo. Tendo liwe dogo, liwe na saa yake, na mtu mwingine aweze kuona kama umelifanya.

"Ulimi wa thawabu" kwa mwenye duka: kila mteja asalimiwe kabla hajauliza bei, na asiyenunua aagwe kwa heri ile ile. Kwa mwanafunzi, "elimu ndiyo silaha" liwe nusu saa ya hesabu baada ya isha, simu ikiwa kwa mama. Kindege wa Wangari Maathai ana kazi nyingi Lamu, kwa kuwa hapa ndipo penye sehemu kubwa zaidi ya mikoko ya Kenya: jiunge na kikundi cha wapandaji, ahidi jumamosi moja ya maji kupwa kila mwezi, na uende hata wenzako wasipokuja. Nahodha wa miezi ya kusi anaweza kuchukua lile la Gandhi la 1913. Badala ya kulalamikia wageni, ajifunze kitu kimoja kilichopungua katika kazi yake, kama kushona tanga upya au lugha ya wageni wanaomjia zaidi, ili msimu ukirudi wamkute mwingine.

Neno lenyewe libandike pale tendo linapofanyika: kwenye meza ya mauzo, ndani ya mlango, kwenye kisanduku cha vifaa vya mashua. Kuliweka kwenye picha ya wasifu wa simu hakusaidii, maana pale wanaliona wengine.

Kila Ijumaa baada ya sala, kaa dakika kumi na daftari. Andika kilichofanyika na kisichofanyika, bila kujitetea. Wiki mbili mfululizo zikipita bila tendo kufanyika, lipunguze. Mwezi ukiisha hakuna kilichobadilika, fungua ukurasa mwingine, na lile ulilolijaribu libakie na maelezo yake. Huenda mwaka ujao likakufaa. Likikufaa, liendelee mwezi wa pili, na mwambie mtu mmoja wa nyumbani akukumbushe.

Hatua ya saba: kulifikisha kwa wengine

Ukipewa nafasi ya kusema, iwe harusini, kwenye kikao cha wazazi au unapomuaga kijana anayekwenda kusoma, chukua neno moja. Taja msemaji na hali yake kwa sentensi moja au mbili, litamke neno polepole, kisha sema linamhusu vipi aliye mbele yako. Hapo umemaliza, keti. Wasikilizaji watakumbuka zaidi kwamba Mwana Kupona alikuwa mgonjwa alipotunga kuliko nukuu tano zilizofuatana.

Mbele ya wakubwa, neno huletwa kwa adabu. Mdogo hamuusii mkubwa wake moja kwa moja, husema "nimesoma kwamba" au "tumesikia wazee wakisema," na mkubwa akapokea apendavyo. Kwa mtoto fanya kinyume chake: mfundishe neno pamoja na sanadi yake tangu siku ya kwanza. Mtoto wa miaka tisa anaweza kukariri "Pili uwa na adabu" na kujua lilitoka Pate, kwa nani na kwa bintiye yupi.

Kwenye makundi ya simu, tuma neno likiwa na mstari wa chini unaotaja mtu, mahali na mwaka. Ukipokea lisilo na mstari huo, muulize aliyelituma, kwa upole na faraghani: "Ndugu yangu, hili umelipata wapi? Nataka kuliandika." Mara nyingi atafurahi kuulizwa, na pengine ataanza kutafuta naye. Usimsahihishe mbele ya kundi zima, hasa akiwa mkubwa wako.

Na ikidhihirika kwamba neno lililokwisha kusambazwa kundini lilikuwa na jina lisilo lake, litumwe tena kundi lile lile likiwa na jina sahihi, na sentensi moja ya kueleza lilitoka wapi. Daftarini usilifute. Pitisha mstari mmoja juu ya jina la zamani, andika jipya pembeni pamoja na tarehe uliyolipata, ili atakayelisoma daftari baada yako aone njia uliyopita.